Bati la Goss: Karne Moja ya Kupunguza Hasara Ndani ya Transfoma

Tarehe 7 Agosti 1933, Marekani ikiwa imezama katika mdororo wa uchumi na matanuri mengi ya bonde la mto Mahoning yakiwa yamepoa, kijana wa miaka 27 aitwaye Norman P. Goss aliwasilisha maombi ya hataza kutoka mji wa Youngstown, jimbo la Ohio. Kichwa cha maombi yake hakikuwa na mvuto wowote: kilitaja bati la umeme, njia ya kulitengeneza, na vifaa vya kulitengenezea na kulipimia. Hataza yenyewe ilitolewa tarehe 3 Julai 1934 kwa namba 1,965,559, haki zake zikiwa mikononi mwa kampuni ya Cold Metal Process. Fundi wa kawaida wa kiwanda cha chuma angeisoma na kuona mambo anayoyajua: pasha moto, pitisha kwenye rola, pasha tena, pitisha tena.

Humo ndani hamna madini mapya. Chuma chenye silikoni kilikuwa sokoni kwa miaka 30, na Goss hakuongeza chochote ndani yake. Alichobadilisha ni mpangilio wa kile kilichokuwamo tayari. Tangu hapo transfoma kubwa za dunia, kuanzia zile za mabwawa ya umeme hadi zile za vituo vya kupozea umeme pembezoni mwa miji, zimejengwa kwa bati la ukoo huo. Kinachonivutia zaidi katika kisa hiki ni kwamba sababu iliyolifanya bati hilo liwe bora ilikuja kuonyeshwa na mtu mwingine. Katika historia ya chuma hiki kazi ya mikono ilitangulia karibu kila mara, na maelezo yakaja nyuma, wakati mwingine kwa kuchelewa sana.

Ili kuelewa Goss alifanya nini, lazima kwanza tujue chuma kinafanya kazi gani ndani ya transfoma, na kwa nini kinaifanya kwa hasara.

Tarehe 29 Agosti 1831, Michael Faraday alizungushia pete ya chuma laini nyaya mbili, moja upande huu na nyingine upande wa pili, katika maabara ya Royal Institution jijini London. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Alipokata umeme, ikacheza tena. Nyaya hizo mbili hazikugusana popote. Kilichoziunganisha ni sumaku iliyopita ndani ya chuma. Pete ile ndiyo babu wa transfoma zote, ingawa ilipita miaka zaidi ya 50 kabla ya mtu kuipatia kazi ya maana. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma yenye kiini cha chuma kilichofungamana pande zote. Mwezi Machi 1886 William Stanley akawasha taa za mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, kwa mfumo wa aina hiyo.

Umeme wao ulikuwa wa mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi. Katika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, sumaku iliyomo ndani ya chuma hugeuka mara 100 kila sekunde. Chuma hakigeuki bure. Kwanza, sumaku inayobadilika huzaa mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto. Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana mapema: acha kutumia pande la chuma, tumia mabati membamba yaliyotenganishwa kwa karatasi au vanishi, mikondo hiyo ikose mahali pa kuzungukia. Hasara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Chuma kilichokwisha kuwa sumaku hakiachi usumaku wake mara moja. Hubaki nyuma, na kila kinapolazimishwa kugeuka hudai nguvu.

Jambo hilo lilichunguzwa karibu wakati mmoja na watu wawili wasiojuana. Emil Warburg alilieleza huko Freiburg, Ujerumani, mwaka 1881. James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha uhandisi katika chuo kikuu cha Tokyo, alilifikia peke yake na kulipa jina la histeresisi. Ewing alikuwa na mkono katika mengi: Japani alibuni vyombo vya kupima matetemeko ya ardhi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza ofisi ya jeshi la majini la Uingereza iliyofumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani. Kwa wenye viwanda, hata hivyo, aliyewasaidia zaidi ni Charles Proteus Steinmetz, mkimbizi wa kisiasa kutoka Breslau, ambaye mwaka 1892 aliwapa kanuni rahisi ya kukokotoa hasara hiyo kutokana na nguvu ya sumaku. Baada ya Steinmetz hakuna mhandisi aliyeweza kusema hajui transfoma yake inapoteza kiasi gani.

Na hasara ya kiini ina tabia mbaya ambayo hasara nyingine hazina: haijali kama kuna mtu anayetumia umeme au la. Saa nane za usiku mtaa mzima umelala, lakini chuma kilicho ndani ya lile tangi lililo juu ya nguzo kinaendelea kugeuzwa huku na huku. Mwaka una saa 8,760. Transfoma ndogo ya mtaani ikipoteza wati 200 tu kwenye kiini chake, mwisho wa mwaka imekula uniti 1,752, ambazo hazipiti kwenye Luku ya mtu yeyote lakini lazima zizalishwe na lazima mtu azilipie. Zidisha kwa idadi ya transfoma za nchi nzima, kisha kwa miaka 30 au 40 ambayo kila moja huishi.

Mafundi wa miaka ya 1890 walikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Transfoma zao zilizeeka. Chuma kilichopimwa kikaonekana kizuri kilianza, baada ya miezi kadhaa ya joto, kupoteza umeme mwingi zaidi. Leo tunajua kwamba kaboni na nitrojeni kidogo zilizomo hujikusanya taratibu na kuzuia sumaku isigeuke kwa urahisi. Wakati huo iliyojulikana ni dawa ya kununua: chuma cha Sweden kilichoyeyushwa kwa mkaa wa kuni, safi kuliko vyote na ghali vilevile. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba usafi ndio kila kitu. Kutia kitu kingine ndani ya chuma cha sumaku kulionekana kama kukichafua.

Imani hiyo ilivunjwa na kazi iliyoanzia Sheffield, na aliyeianzisha hakuwa akitafuta sumaku hata kidogo.

Robert Abbott Hadfield alizaliwa mwaka 1858 huko Attercliffe, viungani mwa Sheffield, mtoto wa mwenye kiwanda cha kusubu chuma cha pua. Alijifunza kazi kwenye kiwanda hicho hicho, na alikuwa na mazoea ambayo wenye viwanda wengi wa siku zile waliyaona ni kupoteza muda: kuchanganya chuma na kitu kingine, hatua kwa hatua, akiandika kila kipimo hadi pale ambapo watu wenye busara wangekuwa wameacha. Manganisi, kwa mfano. Ilijulikana kwamba ukizidisha manganisi chuma kinakuwa chepesi kuvunjika. Hadfield alizidi kuongeza, na mwaka 1882, alipofika karibu asilimia 12 au 13, alikuta chuma kigumu kupita kiasi ambacho kadiri unavyokipiga ndivyo kinavyozidi ugumu. Zaidi ya hapo, sumaku haikukivuta. Chuma hicho kiliingia kwenye makutano ya reli na kwenye mashine za kusaga mawe, na katika Vita Kuu ya Kwanza kikatumika kutengeneza kofia za askari wa Uingereza.

Katika miaka hiyohiyo alifanya vivyo hivyo na silikoni, na mwaka 1889 akasoma matokeo yake mbele ya Iron and Steel Institute. Kwa aliyekuwa akitafuta chuma kigumu cha kukatia au cha kubebea mzigo, silikoni haikutoa kitu cha kujivunia. Sampuli zikawekwa.

Aliyezipa maisha mapya ni William Barrett, profesa wa fizikia huko Dublin. Barrett ni mtu wa kushangaza. Kwa upande mmoja ndiye aliyechunguza, mwaka 1873, jinsi chuma chekundu kinachopoa kinavyowaka tena ghafla kwa muda mfupi. Kwa upande mwingine alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Society for Psychical Research, chama cha kuchunguza mizimu na usomaji wa mawazo, na aliandika kwa kirefu kuhusu watu wanaotafuta maji ardhini kwa kijiti. Akishirikiana na William Brown, alipima sampuli za Hadfield moja baada ya nyingine, aloi zaidi ya 100, akiangalia kila moja inavyopitisha umeme na inavyobeba sumaku. Taarifa yao ya mwaka 1900, iliyotolewa na Royal Dublin Society, ilikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: chuma chenye silikoni kama asilimia 2.5 kilibeba sumaku kwa urahisi kuliko kile chuma safi cha Sweden, na kwa hasara ndogo zaidi.

Sababu moja ni rahisi kueleza. Silikoni hukifanya chuma kiwe kizuizi kwa umeme. Ikifika asilimia 3 ukinzani wake huwa mara nne au tano ya ule wa chuma safi, na mikondo ile inayozunguka ndani ya bati hupungua kwa kiasi kikubwa. Sababu nyingine ni kwamba silikoni hutuliza ule ugonjwa wa kuzeeka. Ya tatu hakuna aliyeiona wakati huo, na tutaifikia.

Hadfield alichukua hataza mwaka 1903, na Ujerumani, ambako Ernst Gumlich wa maabara ya taifa ya vipimo jijini Berlin alithibitisha ubora wa chuma hicho, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kukitengeneza kwa wingi. Haikuwa kazi nyepesi. Silikoni ikipita asilimia 4 bati linavunjika kama kigae, na hata chini ya hapo halikubali kukandamizwa hovyo. Njia ya siku zile ilikuwa kupasha moto mabati kadhaa yaliyobebanishwa, kuyapitisha pamoja kwenye rola, kuyakunja, kuyapitisha tena, kisha wafanyakazi kuyabandua moja moja kwa koleo na nguvu za mabega. Yalitoka yamepinda, unene wake haulingani, uso umekwaruzika. Lakini transfoma zilipungua uzito, hasara ikashuka, na kwa miaka 30 hakuna aliyelalamika.

Hadfield alipewa heshima zote ambazo Uingereza ilikuwa nazo: Sir mwaka 1908, Royal Society mwaka uliofuata, baroneti mwaka 1917. Utajiri haukumwondolea udadisi. Alipima chuma cha kale cha Sri Lanka, na chuma cha ile nguzo maarufu ya Delhi ambayo imesimama kwenye mvua kwa zaidi ya miaka 1,500 bila kuliwa na kutu. Na mwaka 1931, dunia ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya pete ya Faraday, alitoa kitabu kuhusu upande wa Faraday uliokuwa umesahaulika. Kati ya 1819 na 1824, miaka kadhaa kabla ya pete hiyo, Faraday alikuwa ametengeneza aloi za chuma cha pua akiwa na James Stodart, fundi wa visu na vyombo vya upasuaji. Sanduku la vipande vyao 79 lilikuwa limebaki Royal Institution. Hadfield alivipima kwa uangalifu, akitumia kiasi kidogo kabisa cha kila kimoja. Ni kama historia hii ilijifunga yenyewe: mtu aliyegundua kwamba chuma kinaweza kuhamisha umeme bila waya kugusa waya alikuwa amekaa miaka mitano karibu na tanuri akichanganya vyuma, na hakuwahi kuziunganisha kazi zake hizo mbili.

Miaka ya 1920 swali liligeuka. Mionzi ya eksirei ilikuwa imewapa wanafizikia uwezo wa kuona jinsi chembe za chuma zilivyojipanga katika fuwele, na mpangilio wenyewe ukaonekana ni wa mchemraba. Mwaka 1926, huko Sendai, Japani, Kotaro Honda na Seiji Kaya walipima fuwele moja moja za chuma na kukuta kwamba chuma si kitu kimoja kwa sumaku. Sumaku ikipita sambamba na ukingo wa mchemraba, inaingia karibu bila kipingamizi. Ikilazimishwa kupita kona hadi kona, katikati ya mchemraba, chuma kinagoma. Seremala anajua jambo hili kwa mbao: randa ikifuata nyuzi inateleza, ikizikata inakwama.

Bati la kawaida la silikoni lilikuwa na punje nyingi za fuwele, kila moja imeelekea kwake. Sumaku ikipita humo hukutana na njia nyepesi hapa na njia ngumu pale, na jumla yake ni wastani usiopendeza. Kila mwanafizikia aliyesoma kazi ya Sendai aliweza kusema kinachotakiwa: punje zote zielekezwe upande mmoja. Fuwele moja ndogo ya maabara ingewezekana. Tani 100 kwa wiki, ndani ya kiwanda, kwa bei ambayo kampuni ya umeme inaweza kulipa, ilikuwa habari nyingine.

Hapo ndipo Goss anaingia. Alisoma Case, chuo cha uhandisi cha Cleveland, na alifanya kazi katika mazingira ambayo fani yake yote ilikuwa kukandamiza chuma kikiwa baridi. Cold Metal Process ilisimama juu ya uvumbuzi wa Abram Steckel, aliyebuni mitambo yenye rola nyembamba za kukandamiza bati baridi huku likivutwa kwa nguvu. Bati lililopita humo lilitoka jembamba, nyororo na lenye unene ulio sawa, na kwa urefu wa mamia ya mita badala ya vipande vya kubandua kwa koleo. Mimi naamini nusu ya ugunduzi wa Goss ilikuwa hapo tayari. Mtu aliyekaa Sendai au Cambridge asingekuwa na mtambo wa namna hiyo karibu naye.

Njia yake, kwa ufupi, ni hii. Chuma chenye silikoni karibu asilimia 3 hupitishwa kwenye rola kikiwa cha moto hadi kiwe na unene wa milimita chache. Hupashwa moto ili kilainike. Hukandamizwa kikiwa baridi, na kukandamizwa kwa kiasi kikubwa, si kugusagusa. Hupashwa tena, hukandamizwa tena kikiwa baridi hadi unene wa mwisho, na hatimaye huwekwa kwenye joto kali zaidi ya yote yaliyotangulia. Alipopima bati lililotoka, Goss alikuta sumaku inapita ndani yake, kwa kufuata upande wa rola, kwa urahisi ambao hakuna bati la kiwandani lililowahi kuufikia.

Na hapa tunairudia ile sababu ya tatu ya silikoni. Chuma safi kikipashwa moto kikapita nyuzi 911 za Selsiasi hubadilisha muundo wa fuwele zake, na kikipoa huurudisha; mpangilio wowote uliokuwa umejengwa unavurugika njiani. Chuma chenye silikoni asilimia 3 na kaboni kidogo sana hakibadiliki namna hiyo. Unaweza kukipasha hadi nyuzi 1,100 au 1,200 na mpangilio ukabaki, tena ukakomaa. Hadfield alikuwa amemwandalia Goss meza bila yeyote kati yao kujua.

Mwaka 1935 Goss alichapisha makala katika jarida la chama cha wataalamu wa metali cha Marekani. Kichwa chake kilisifu bati lenye punje ndogo zinazokaribia sifa za fuwele moja. Mwaka huohuo, katika jarida hilohilo, Richard Bozorth wa Bell Telephone Laboratories alieleza kwa eksirei kilichokuwamo: punje za bati hilo zilikuwa zimejipanga. Michemraba yake ilikuwa imesimama kwa ukingo, na ukingo mmoja wa kila mchemraba umelala sambamba na mwendo wa bati kwenye rola, yaani njia nyepesi ya sumaku kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpangilio huo duniani kote unaitwa kwa jina la Goss. Ile sifa ya punje ndogo ndiyo iliyokuja kupinduka: mabati bora ya ukoo huo leo yana punje kubwa, za milimita kadhaa, nyingine za sentimita nzima, unaziona kwa macho ukilisafisha bati kwa asidi.

Simcheki kwa hilo. Kutengeneza kitu kabla ya kujua kwa nini kinafanya kazi ndiyo hali ya kawaida ya viwanda, na wahunzi wa Kiafrika, wa Damascus na wa Sheffield wote waliishi hivyo.

Kutoka hataza hadi bidhaa ilichukua miaka michache. Kampuni ya chuma ya Armco ilishika uongozi wa kutengeneza, na Westinghouse, iliyohitaji viini vya transfoma, ikalipa bati hilo jina la biashara la Hipersil. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, mabati ya aina hiyo yaliyokandamizwa hadi kuwa membamba kama karatasi yaliingia kwenye transfoma ndogo za rada na za redio za ndege, ambako kila gramu ilikuwa na bei yake.

Wasanifu wa transfoma walilazimika kujifunza upya. Bati la Goss ni zuri mno kwa upande mmoja, lakini geuza sumaku ipite kwa kukingama na unapata kitu kibaya kuliko bati la zamani. Kwenye kona za kiini, ambako sumaku inapinda, faida yote ingeweza kupotea. Wengine walianza kuviringisha kiini kwa utepe mrefu ili sumaku isitoke kwenye njia yake, na wengine wakakata ncha za mabati kwa nyuzi 45 na kuziunganisha kama fremu ya picha. Mota hazikufaidika, kwa sababu ndani ya mota sumaku huzunguka pande zote, kwa hiyo mashine hizo ziliendelea na chuma cha silikoni kisichopangwa, ambacho kina historia yake ndefu ninayoipita hapa.

Swali la kwa nini mpangilio ule unatokea lilikaa bila jibu kwa zaidi ya miaka 20. Jibu la kwanza la maana lilitoka General Electric mwaka 1958, kwa watafiti May na Turnbull, na lilikuwa na kejeli ndani yake. Kinachowezesha bati la Goss ni uchafu. Vipunje vidogo sana vya manganisi na salfa vilivyotawanyika ndani ya chuma huzuia punje za kawaida zisikue wakati wa joto la mwisho. Zile chache zenye mwelekeo wa Goss hupenya kizuizi hicho, zikaanza kukua, na kumeza majirani zao hadi bati zima liwe lao. Baada ya hapo joto la nyuzi 1,200 katika hewa ya haidrojeni huondoa salfa, na chuma kinabaki safi. Uchafu unahitajika hadi dakika fulani, kisha lazima utoke. Viwanda vilikuwa vimefanya hivyo kwa miaka mingi bila kujua vinachokifanya, na ndiyo sababu kundi moja la mabati lilitoka zuri na lililofuata, kwa vipimo vilevile, likatoka baya.

Japani, iliyokuwa imejifunza kutoka Marekani, ilimpita mwalimu. Katika kiwanda cha Yawata, kilichokuja kuwa sehemu ya Nippon Steel, Satoru Taguchi na Akira Sakakura walitumia vipunje vya alumini na nitrojeni, ambavyo huzuia kwa ukali zaidi, na wakakandamiza bati likiwa baridi kwa mkupuo mmoja mkubwa badala ya miwili. Bati lao, lililotoka mwaka 1968 kwa jina la Hi-B, lilipunguza kupotoka kwa punje kutoka wastani wa nyuzi 7 hadi 3 hivi. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo hadi uipime kwenye bili ya umeme. Watengenezaji wa nchi nyingine walinunua leseni, Wamarekani wakiwamo. Baadaye Wajapani waligundua kwamba ukichora uso wa bati kwa mistari myembamba ya leza, hasara hupungua tena bila kugusa fuwele. Mabati bora ya leo, ya unene wa milimita 0.23, hupoteza chini ya wati moja kwa kilo katika nguvu ya sumaku ambayo transfoma za kawaida huitumia.

Afrika Mashariki tuko mwisho wa mnyororo huu. Arusha ina kiwanda cha transfoma cha Tanelec, na mafundi wetu hukarabati viini kila siku, lakini bati lenyewe hatulikandamizi. Katika dunia nzima nchi zinazoweza kulitengeneza ni chache. Marekani, ambako yote haya yalianzia, sasa ina mtengenezaji mmoja tu, Cleveland-Cliffs, anayelitoa kwenye kiwanda cha Butler, Pennsylvania, kilichokuwa cha Armco.

Mwaka 2023 kiwanda hicho kilijikuta katikati ya siasa. Wizara ya Nishati ya Marekani ilipendekeza viwango vya hasara vikali kiasi kwamba transfoma karibu zote za mitaani zingelazimika kuachana na bati la Goss na kutumia metali isiyo na fuwele kabisa. Metali hiyo hutengenezwa kwa kumwaga chuma, boroni na silikoni vilivyoyeyuka juu ya gurudumu baridi linalozunguka kwa kasi, ikaganda upesi kiasi kwamba chembe hazipati nafasi ya kujipanga. Inatoka utepe wa unene wa milimita 0.025 hivi, na hasara yake ni ndogo kuliko ya bati lolote lililopangwa. Goss alishinda kwa kuzipanga fuwele. Mshindani wake anashinda kwa kutokuwa nazo. Wafanyakazi wa Butler na wanasiasa wao walipinga, kampuni za umeme zililalamika kwamba transfoma tayari zilikuwa adimu, na mwezi Aprili 2024 wizara ikalegeza: kanuni ya mwisho iliacha karibu robo tatu ya soko hilo liendelee na bati la zamani.

Kuhusu lile swali la kwa nini mpangilio wa Goss unatokea, bado wataalamu hawajakubaliana. Wote wanaona vipunje vinavyozuia, wote wanaona punje chache zikimeza nyingine. Wanachogombania ni kwa nini hasa zile za Goss, ambazo mwanzoni ni chache mno kati ya mamilioni, ndizo zinazotoroka. Kundi moja linasema mipaka kati yao na majirani zao ina nishati kubwa, kwa hiyo vizuizi huiachia mapema. Kundi jingine linasema siri iko kwenye pembe maalumu ambazo fuwele mbili hukutana, pembe zinazofanya baadhi ya chembe zao zilingane. Kila upande una picha zake za darubini na hesabu zake za kompyuta, na kila baada ya miaka michache hutoka jaribio jipya linalompendelea mmoja, kisha lingine linalompendelea mwenzake.